Mfumo wa Zamani na Sikio la Mzee

Mtaani walimwita Bi Masikio, na jina likamkaa hivyo hivyo, hata waleta bili za umeme waliulizia kwa Bi Masikio. Kazi yake ilikuwa kupima usikivu wa watu na kuwafungia mashine za sikio. Alikuwa na chumba kimoja kati ya duka la dawa na fundi viatu. Ndani mlikuwa na kiti cha mteja, kibanda kidogo kilichobandikwa sponji ili sauti za nje zisiingie, meza yenye bisibisi nyembamba kama sindano, na kompyuta ambayo kwa muda mrefu sasa ilikuwa ikimpandisha presha.

Asubuhi hiyo alikuwa na mama mmoja kibandani, hedifoni masikioni, akiinua kidole kila aliposikia mlio. Walikuwa wamefika pale penye kutaka utulivu, milio inapokuwa hafifu kama mbu wa chumba cha pili. Ndipo dirisha la buluu likajitandaza kwenye kioo chote cha kompyuta: Mfumo huu hautahudumiwa tena. Hamia mfumo mpya. Chini yake vitufe viwili, Anza Sasa na Nikumbushe Baadaye.

Bi Masikio akabofya Baadaye. Dirisha likaondoka, na kipimo nacho kikaondoka. Kule kibandani yule mama, kwa adabu zake, aliendelea kuinua kidole kusikiliza mlio usiokuwepo.

"Samahani mama, tuanze upya," Bi Masikio akasema, akifungua mlango wa kibanda.

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea wewe. Kuna mtu hapa hana adabu." Akaitupia kompyuta jicho.

Mteja alipoondoka, alipanda ghorofani kwa fundi wa kompyuta. Fundi huyo alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali kwa kuvuta pumzi ndefu kwanza, kama daktari mwenye habari mbaya. Bi Masikio hakujua ni kipi kilichomchosha zaidi, ile kompyuta au zile pumzi.

"Dada, nilishakwambia," fundi alisema, baada ya kuvuta pumzi. "Mfumo ule umezeeka. Waliouunda wameuacha. Virusi vikiingia, hakuna wa kukusaidia. Niruhusu niubadilishe, nusu siku tu."

"Na ile programu yangu?"

"Ile haitafanya kazi."

"Basi sibadilishi."

"Nunua kompyuta nyingine, hii uiache na programu yake."

"Fundi, ningekuwa na hela ya kompyuta nyingine ningekuwa nimepanda hizi ngazi?"

Fundi akavuta pumzi nyingine. Bi Masikio akashuka ngazi kabla haijatoka.

Watu walidhani ni ubishi, lakini haukuwa ubishi. Ile programu ilikuwa ya kurekebishia aina moja ya mashine za zamani, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga milango. Ilikubali kukaa kwenye mfumo wa zamani tu, tena kwenye kompyuta ile ile tu. Ukiihamisha inadai namba ya idhini, na wa kuitoa hayupo. Zamani nusu ya wateja wake walivaa mashine hizo. Mmoja mmoja walihamia za kisasa, mpaka akabaki mtu mmoja tu mwenye kuitegemea. Mtu huyo alikuwa baba mkwe wake, na waliishi naye nyumba moja.

Mzee alikuwa ameendesha mtambo wa kusaga kokoto tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kazi hiyo ilimpa nyumba ikamnyang'anya masikio. Bi Masikio alimfungia mashine ile mwaka alioolewa, akiwa bado anaona haya kumkazia macho mkwewe. Alimjaza sikio udongo laini ili achukue umbo lake, akakaa ameushikilia kwa kidole hadi ukauke, wote wawili wakitazama ukutani bila neno. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni aliyekanyaga pale: mkwe wetu amempa mume wangu sikio. Sasa mtu mwenye historia hiyo utamwambia nini? Kwamba kompyuta haimtaki?

Jumapili wifi yake alikuja kula chakula cha mchana, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alikuja na ya moyoni. Wifi alifanya kazi mapokezi ya hospitali kubwa, ile iliyokuwa ikimletea Bi Masikio wateja na kupokea ripoti za vipimo vyao.

"Wifi, safari hii si utani," alisema, hata hajanawa mikono. "Kuanzia mwezi ujao hospitali haipokei ripoti kutoka kompyuta yenye mfumo wa zamani. Ukituma, inarudishwa."

"Nani kaamua?"

"Sijui. Wakubwa."

"Hao wakubwa wana baba?"

"Usinigeuzie kibao. Na huyu ni baba yangu kabla hajawa wako," wifi akasema, akimwonyesha Mzee kwa kijiko.

Mumewe Bi Masikio, ambaye kwa kawaida alingoja ugomvi upoe ndipo aseme, safari hii aliuingia ungali wa moto. "Baba hawezi kuanza mashine mpya kwa umri huu. Ameizoea ile. Tukimbadilishia sasa, tutamchanganya."

"Kwa hiyo mkeo apoteze kazi?"

"Sijasema apoteze kazi. Nasema Baba abaki pale alipo."

"Abaki, abaki! Miaka yote ni abaki tu. Mzigo wote uko kwa wifi, wewe unajua kusema abaki."

Bi Masikio aligawa mchuzi bila kuwatazama. Kilichomkera zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema ukweli, na wote wawili wangemaliza kula, wajifute mikono, kisha mambo yote yabaki mezani pake. Kwenye kona ya meza Mzee alikula taratibu. Macho yake yalihama kwa huyu yakaenda kwa yule, na kila alipotazamwa alitabasamu. Alipomaliza, alichukua sahani yake mwenyewe akaenda kuiosha.

"Baba, acha, nitaosha mimi," Bi Masikio alimwita.

Mzee hakugeuka. Siku hizi alikuwa ameanza tabia hiyo: anaosha sahani, anakunja blanketi lake, anafagia mlango wa mbele kabla mtu hajaamka. Hata maua yake ya kwenye makopo, aliyoyapenda kama watoto, alikuwa ameyagawa kwa jirani. Bi Masikio alidhani ni uzee tu.

Mwezi mpya ulipoingia, hospitali ilifanya kama ilivyosema. Ripoti ya kwanza kurudishwa ilikuwa ya mtoto wa kike, mdogo bado wa kubebwa, ambaye mama yake alikuwa akisubiri barua ya daktari ili apewe mashine kupitia mpango wa watoto. Mama huyo alirudi na mtoto mgongoni, jasho likimtoka, amesafiri asubuhi nzima.

"Wamesema niwaletee nyingine. Hii wamesema haisomeki," alisema.

"Haisomeki? Imeandikwa kwa herufi kubwa."

"Wamesema ni kompyuta ndiyo inayoikataa, si wao."

Bi Masikio akaichapa upya, akaigonga muhuri, akampigia wifi simu, akampigia daktari simu, akapiga simu kwa wakubwa wa daktari, akaambiwa asubiri, akasubiri, simu ikakatika. Muda wote huo mtoto alimkodolea macho kwa utulivu wa kiumbe asiyesikia zogo linalofanywa kwa ajili yake. Mwishoni mama yule aliondoka na ahadi tu. Kabla mlango haujafungika vizuri, dirisha la buluu lilijitandaza tena kwenye kioo.

Hapo Bi Masikio akafika mwisho. Hakupiga meza, hakutukana. Alisimama, akapanda ngazi, akamwambia fundi, "Njoo kesho. Ubadilishe."

Fundi alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi; ikabidi aiachie bure.

Ilibaki kumwambia Mzee. Jioni alimwomba mumewe amwambie.

"Mwambie wewe," mumewe akajibu. "Wewe ndiye mtaalamu."

Akampigia wifi.

"Mwambie wewe, wifi. Anakupenda kuliko sisi."

"Juzi ulisema ni baba yako kabla hajawa wangu."

"Ndiyo maana. Akinikasirikia mimi hatasahau."

Asubuhi, alipokuwa akitoka kwenda kazini, Bi Masikio alimkuta Mzee mlangoni na ufagio. Akamwonyesha kwa mkono kuelekea barabarani, akasema polepole, uso kwa uso, "Baba, leo njoo ofisini. Tuna mazungumzo." Alikusudia kumrekebishia mashine kwa mara ya mwisho, vizuri kabisa, ili hata programu ikifa leo iweze kumfaa bado kwa muda. Halafu, taratibu, amwingizie habari ya mashine mpya. Mzee alimtazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa, akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu kama mtu anayekabidhi zamu.

Alifika amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya kanisani. Fundi naye alikuwapo, amekaa pembeni na begi lake la vifaa, akisubiri amri.

"Shikamoo, Baba," Bi Masikio alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaketi, mikono magotini.

Alimvua mashine, akaichomeka kwenye waya, akafungua programu. Programu ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha ikaandika: Hakuna kifaa.

"Hata leo?" Bi Masikio akaiuliza. "Hata leo, siku yako ya mwisho?"

Akachomoa waya, akauchomeka. Hakuna kifaa. Akafuta ncha ya waya kwa pamba na spiriti. Hakuna kifaa. Akazima kompyuta, akaiwasha, akasimama juu yake amejishika kiuno wakati ikijikongoja kuamka, na kitu cha kwanza ilichofanya ilipoamka ni kumwekea dirisha la buluu.

"Ngoja mimi," fundi akasema. Akaingia chini ya meza, akatoka na vumbi kichwani. Akajaribu tundu jingine. Akajaribu waya mwingine. Akavuta pumzi. "Dada, nadhani imejifia yenyewe. Pengine imejua."

"Fundi, kompyuta haijui kitu. Ingekuwa inajua ingekuwa imeomba radhi."

Machozi ya hasira yalikuwa karibu. Miaka yote ameibembeleza kompyuta hii, amegombana na hospitali, amegombana na wifi, kumbe hata hiyo mara moja ya mwisho haimpi. Akaichomoa mashine ya Mzee kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kile kifuniko kidogo cha chini, mahali pa betri, kikafunguka chenyewe.

Ndani hamkuwa na betri.

Jambo la kwanza analomwambia kila mteja, kabla hata ya kumpa risiti, ni kwamba mashine ikinyamaza aangalie betri. Kwa hasira za kompyuta, yeye mwenyewe hakuangalia. Akakitazama kile kitundu kitupu. Hakikuwa na alama mpya ya betri; kilikuwa na vumbi jembamba la siku nyingi. Akamtazama Mzee. Mzee alikuwa akiangalia dari.

Bi Masikio akaweka betri mpya, akamvisha, akangoja ule mlio mdogo wa kuwaka. Mzee akakunja uso.

"Baba. Betri imetolewa lini?"

"Siku nyingi," Mzee alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa, kisha akaisikia, akaipunguza. "Ilikwisha nikiwa nakula. Nikaona raha. Hii kitu, mwanangu, inanguruma kama kikaango. Kila mtu akisema ni kama anakaanga kitu."

"Kwa nini hukuniambia ningeirekebisha?"

"Uliirekebisha. Kila nilipokuja hapa uliirekebisha. Nilikuwa naweka betri siku hiyo, ukimaliza naitoa."

"Kwa nini hukusema haifai?"

Mzee alipangusa goti la suruali, ingawa lilikuwa safi. "Ulikuwa mgeni kwetu. Ulikaa na kidole sikioni mwangu mchana mzima. Marehemu alikuwa akimwambia kila mtu. Niseme haifai, nianzie wapi?"

Kule pembeni fundi alijifanya anapanga waya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Bi Masikio alikaa kwenye ukingo wa meza. Hakujua acheke au ampigie kelele mtu, na kama ni kelele, amwanzie nani. "Baba, mimi nimekataa kubadilisha kompyuta hii kwa ajili ya mashine yako. Hospitali wananirudishia ripoti. Wifi ananisema. Mwanao ananisema. Kila Jumapili tunagombana mbele yako kwa sababu ya kompyuta."

"Kompyuta?" Mzee akamgeukia. "Mlikuwa mnagombania kompyuta?"

"Kwani ulidhani nini?"

Mzee akalegeza kifungo cha juu cha shati, kile kilichomkaba tangu alipofika.

"Niliona mnanionyesha kwa vijiko," alisema. "Mmoja ananionyesha, mwingine anatikisa kichwa. Midomo yenu naisoma kidogo. Nikaona mzigo. Nikaona abaki, abaki. Nikajua mnajadili nani anichukue. Leo asubuhi ulipoonyesha barabara, nikasema basi, siku imefika, hata betri sikuweka. Nguo zangu nimeshazifunga. Ziko kitandani."

Nyundo ya fundi viatu iligonga upande wa pili wa ukuta. Bi Masikio aliona kwa mkupuo mmoja sahani zilizooshwa, blanketi lililokunjwa, maua yaliyogawiwa. Mtu mzima alikuwa akijitahidi asionekane mzigo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, huku wao wakipigiana makelele, kila mmoja akijiona ndiye anayemtetea.

Alishuka pale alipokaa, akachuchumaa mbele yake. "Nani akuchukue, Baba? Uende wapi? Ile ni nyumba yako. Sisi ndio tumepanga kwako."

"Na kodi hamlipi," Mzee akasema, na midomo ikamcheza kidogo, kisha akatoa leso akajifuta macho bila kuficha.

Baadaye Bi Masikio akasimama, akamwambia fundi, "Anza sasa."

Nusu siku ya fundi iligeuka siku nzima. Asilimia zilipanda kama kobe, zikafika karibu na mwisho, zikarudi nyuma bila maelezo. Kompyuta ilijizima na kujiwasha mara nyingi kiasi kwamba Mzee, aliyekataa kwenda nyumbani, aliuliza kama nayo ina kifafa. Mfumo mpya ulipofunguka hatimaye, ulikuwa umehamisha kila kitu kutoka mahali pake, umempa Bi Masikio picha ya mlima ambao hakuuomba, na umekana kabisa kuijua printa.

"Printa ilikuwa nzima asubuhi," alisema.

"Ni ya zamani," fundi akajibu, na kabla hajavuta pumzi Bi Masikio akamwinulia kiganja.

Lakini ripoti ya yule mtoto ilikwenda hospitalini kwa mtandao, na haikurudi. Jioni wifi alipiga simu kuthibitisha kwamba imepokelewa, na kwamba mama wa mtoto ameshaitwa. Kisha akataka kujua Baba amepokeaje habari. Bi Masikio akamsimulia yote, mpaka kwenye nguo zilizofungwa kitandani.

Mashine mpya alimfungia Mzee siku hiyo hiyo, moja ya zile za majaribio, ndogo, inayokaa nyuma ya sikio. Mzee aligeuza kichwa huku na huku. Akasikia nyundo ya fundi viatu, akauliza nini hicho. Akasikia maji yakitiririka kwenye bomba la duka la dawa. Akasikia fundi wa kompyuta akivuta pumzi, akamwuliza kwa huruma kama anaumwa kifua.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja mapema, akamkumbatia baba yake kwa muda mrefu mlangoni. Mezani kila mtu alikuwa na aibu kidogo, kila mtu alisema polepole kuliko kawaida. Mumewe Bi Masikio alimpakulia baba yake mwenyewe. Mzee alikula, akasikiliza, akatua kijiko.

"Mwanangu," alimwambia mwanawe wa kiume, "tangu lini unatafuna hivyo?"

Wifi akapaliwa kwa kicheko. Hapo aibu ikavunjika, mazungumzo yakarudi mwendo wake, na kwa kuwa hawakuwa na jingine la karibu wakafika kwenye printa. Wifi alisema inunuliwe nyingine. Mume wa Bi Masikio alisema itafutiwe fundi anayejua printa. Bi Masikio alieleza, kwa mara ya kumi, kwamba printa ni nzima, tatizo ni mfumo mpya usioitambua.

"Mimi ningekuwa wewe nisingebadilisha," Mzee akasema.

Wote wakamgeukia.

"Ile ya zamani ilikuwa na kosa gani? Ilikuwa inafanya kazi. Watu wa siku hizi hamtulii na kitu."

Bi Masikio alimtazama mumewe, na mumewe akaangalia sahani. Alimtazama wifi, na wifi akachukua jagi kwenda kuongeza maji ambayo yalikuwa yamejaa.

"Baba," alianza, kwa ile sauti ya juu aliyoizoea ya miaka yote, "wewe mwenyewe ndiye—"

"Nakusikia," Mzee alisema, akijisogezea bakuli la mboga. "Usipige kelele."